Muulize Sista: Karatasi Moja ya Maabara Haitoshi

Tangu tuzungumzie presha katika toleo lililopita, barua nyingi zinazonifikia zinauliza habari za figo. Nimechagua tano. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza, mimi ni muuguzi wa figo hapa Nairobi. Nilianza kazi kwenye wodi ya mashine za kusafisha damu, kisha nikaomba kuhamia kliniki. Niliomba kwa sababu wagonjwa wengi tuliokuwa tukiwapokea usiku, wakihema, miguu imevimba na macho mazito, walikuwa wamemeza dawa za presha au za sukari kwa miaka na hakuna aliyewahi kuwaomba mkojo upimwe. Basi mkiona ninausisitiza mkojo katika kila jibu, mjue nina sababu.

MAMA ANATUAMBIA TUUZE SHAMBA

Sista, pokea salamu kutoka Kayole. Mama yangu ana miaka 58. Ana presha ya siku nyingi, na sukari ilikuja baadaye. Mwezi uliopita kliniki walimtoa damu, karatasi ikarudi na kreatinini 110. Pembeni maabara imechapa kwamba kawaida ni 60 hadi 120, na daktari akasema figo ziko sawa. Baadaye magoti yalimsumbua tukampeleka hospitali nyingine mjini. Huko waliangalia karatasi ile ile wakasema figo ziko hatua ya tatu. Tangu siku hiyo mama hali vizuri, halali, na anatuambia tuuze shamba la Kangundo tujiandae kwa dayalisisi, ile mashine ya kusafisha damu. Tumwamini nani? – S.W., Kayole

Mwanangu S.W., kwanza mwambie mama shamba lisiuzwe. Pili, mpikie ale. Halafu mkae naye mumsomee jibu hili polepole.

Kreatinini ni taka inayotokana na misuli. Kila siku misuli huitoa, na figo huiondoa kupitia mkojo. Kwa hiyo kiasi kinachobaki kwenye damu hutegemea mambo mawili: misuli imetoa kiasi gani, na figo zimeondoa kiasi gani. Mwanamke wa miaka 58 ana misuli michache kuliko kijana wa kiume, kwa hiyo hutoa kreatinini kidogo. Ikiwa kwake imefika 110, figo zimepunguza kazi. Kuna hesabu inayotia umri na jinsia ndani, na jibu lake huandikwa eGFR kwenye karatasi. Ni makadirio ya mililita ngapi figo zinasafisha kwa dakika moja. Nimemfanyia mama yako hesabu hiyo kwa kanuni ya mwaka 2021, nikapata karibu 50. Ukiweka 110 hiyo hiyo kwa kijana wa kiume wa miaka 28, unapata karibu 81. Namba ni moja, lakini watu wawili hawa hawako mahali pamoja kabisa.

Ndiyo maana kile kiwango cha "60 hadi 120" kinaniumiza roho kila ninapokiona. Hakijui kama damu ni ya bibi wa miaka 80 au ya mchezaji wa raga. Ukipewa karatasi ya kreatinini isiyo na eGFR, rudi dirishani uombe waihesabu. Si gharama nyingine, damu ni ile ile. Uliza pia wametumia kanuni ya mwaka gani. Ile ya 2009 ilikuwa na sehemu ya kumwongezea mtu mweusi karibu asilimia 16, kwa sababu ya takwimu za Wamarekani. Nyongeza hiyo haikutuhusu sisi hapa, na ilifanya figo zilizochoka zionekane na nguvu kuliko zilivyo. Kanuni ya 2021 imeiondoa.

Basi daktari wa pili aliisoma namba vizuri. Ninachomlaumu ni kwamba aliitamka hukumu kabla ushahidi haujatimia, kisha akamwacha mama aende nayo nyumbani peke yake.

Ugonjwa sugu wa figo hautangazwi kwa kipimo cha siku moja. Lazima hitilafu iwe imedumu miezi mitatu au zaidi. Figo zinaweza kushuka kwa ghafla kwa sababu ya kuhara, homa kali, maambukizi au dawa, kisha zikarudi. Na hapa nina swali kwako: mama alikuwa anameza nini kwa ajili ya magoti? Kama ni diklofenaki, ibuprofeni au sindano za maumivu zinazochomwa dukani, hizo hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa mtu anayetumia dawa ya presha kama losartani pamoja na dawa ya kukojoza maji, madhara huwa makubwa zaidi. Aziache. Kwa maumivu atumie parasetamoli, na magoti yaangaliwe na mtaalamu wa viungo. Baada ya wiki mbili hivi arudie damu, tuhakikishe haiko kwenye mteremko wa ghafla. Halafu arudie tena miezi mitatu ikitimia.

Lakini huenda jibu tayari liko nyumbani. Kila familia ninayoijua ina ule mfuko wa plastiki wa karatasi za hospitali, umeningʼinia nyuma ya mlango au umelazwa chini ya godoro. Ufungueni. Tafuteni kreatinini yoyote ya zamani, hata ya mwaka juzi, hata iliyoandikwa kwa mkono kwenye daftari la kliniki. Kama miaka miwili iliyopita ilikuwa 108, basi ugonjwa ni wa muda mrefu na hautembei haraka, na hiyo ni habari njema kuliko mnavyodhani. Kama mwaka jana ilikuwa 70, msingoje miezi mitatu. Chukueni barua ya rufaa mwende kliniki ya figo, iwe ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au nyingine iliyo na daktari wa figo.

Sasa mkojo. Katika barua yako yote hukuutaja, na naamini ni kwa sababu hakuna aliyeuomba. Damu hutuambia figo zinasafisha kiasi gani, nao mkojo hutuambia kama zinavuja. Figo nzima hubakiza protini ndani ya damu, kama chujio la chai linavyozuia majani. Majani yakionekana kikombeni, chujio limetoboka hata kama chai bado inapita vizuri. Kwa mwenye sukari, tundu hilo mara nyingi hutokea miaka mingi kabla kreatinini haijasogea, na kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo hakiwezi kuligundua mapema. Kipimo anachohitaji mama ni cha albumini, yaani hiyo protini inayovuja, ikilinganishwa na kreatinini ndani ya mkojo. Kwenye fomu huandikwa ACR. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Asipime akiwa na homa au mkojo ukimchoma, maana hapo albumini hupanda kwa sababu nyingine.

Jibu likiwa chini ya miligramu 30 kwa gramu, mkojo wake ni mzuri. Kati ya 30 na 300, kuna uvujaji. Zaidi ya 300, uvujaji ni mkubwa. (Maabara nyingine hutumia kipimo kingine ambacho mipaka yake ni 3 na 30, kwa hiyo soma yaliyoandikwa mbele ya namba kabla hujafurahi.) Likizidi 30, lirudiwe kabla ya kuliamini.

Mama mwenye eGFR ya 50 na mkojo safi huangaliwa mara moja kwa mwaka au hivi, anaendelea na maisha yake. Mama mwenye 50 hiyo hiyo na albumini 400 ninamtaka mbele ya daktari wa figo. Hatua ya tatu peke yake haijaniambia yeye ni nani kati ya hao wawili. Hatua yenyewe ni pana pia: ya tatu huanzia 59 hadi 30, ya nne ni 29 hadi 15, na ya tano ni chini ya 15. Mazungumzo ya mashine ni ya huko mwisho, na hata huko hatuangalii namba peke yake. Watu wengi walio mahali alipo mama yako hawafiki kwenye mashine maisha yao yote. Kinachowatishia zaidi ni moyo na kiharusi, ndiyo sababu presha yake ninaihofia kuliko hiyo 110.

Daktari anaweza pia kuomba picha ya ultrasaundi. Figo zilizosinyaa huonyesha ugonjwa umekaa siku nyingi, ingawa za mgonjwa wa sukari zinaweza kubaki na ukubwa wa kawaida hata zikiwa zimeharibika. Macho nayo yapimwe. Mishipa midogo ya nyuma ya jicho ikiwa imeharibiwa na sukari, mara nyingi na ya figo imeguswa.

Kuhusu dawa: presha tunaitaka chini ya 130/80 kama anaivumilia bila kizunguzungu. Losartani au enalaprili ndizo tunazozipendelea mkojo ukiwa unavuja, kwa sababu hupunguza msukumo ndani ya vichujio vyenyewe. Baada ya kuanza mojawapo, kreatinini inaweza kupanda kidogo. Ikipanda chini ya asilimia 30 hatuiachi, tunarudia damu na potasiamu baada ya wiki mbili hadi nne. Wagonjwa wengi huacha dawa hizi kwa sababu jirani alisoma kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi kwamba "zinaharibu figo". Tafadhali, mama asiache bila kuzungumza na kliniki yake. Aulizie pia dapagliflozini au empagliflozini. Zilianza kama dawa za sukari, kisha utafiti mkubwa ukaonyesha zinapunguza kasi ya ugonjwa wa figo hata kwa wasio na sukari. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyo ndani ya vikolezo vya kwenye pakiti.

Niandikie mkishaufungua ule mfuko.

NILIKULA NYAMA USIKU WA KUAMKIA KIPIMO

Sista, nina miaka 27, naishi Umoja. Kampuni moja ilinituma kupimwa afya kabla ya kuniajiri. Kreatinini ikaja 132, eGFR 65, wakaandika kwamba figo zina shida. Mimi hunyanyua vyuma na hunywa poda ya kreatini. Usiku wa kuamkia kipimo nilikuwa Kenyatta Market na marafiki tukila nyama choma. Nimeambiwa kazi isubiri. – K.M., Umoja

K.M., umeniandikia sababu tatu zinazoweza kuipandisha kreatinini bila figo kuwa na kosa. Misuli yako ni mikubwa. Poda unayokunywa hugeuka kuwa kreatinini mwilini. Na nyama iliyopikwa ina kreatinini yake tayari, kwa kuwa moto huitengeneza ndani ya nyama, nayo huingia kwenye damu yako kwa saa kadhaa baada ya kula. Ndiyo maana tunaomba mtu asile nyama kwa angalau saa 12 kabla ya kutolewa damu. Nasikitika kwamba hukuambiwa.

Acha poda kwa wiki chache. Pumzika vyuma siku mbili, kula githeri jioni ya kuamkia kipimo, kunywa maji kama kawaida yako, kisha rudia damu. Bado ikibishaniwa, kuna kipimo cha sistatini C, protini nyingine ya damu inayoondolewa na figo, ambayo haitegemei sana misuli wala mlo. Si kila maabara inacho, lakini kubwa za mjini zinaweza kukuelekeza. Na hata ikibaki 65, namba hiyo peke yake si ugonjwa sugu wa figo. Mpaka ni 60. Juu ya hapo lazima pawe na dalili nyingine ya madhara, kama protini au damu kwenye mkojo, au kasoro kwenye picha.

Lakini nisikilize vizuri, maana sitaki uondoke hapa ukisherehekea. Je, walikupima presha? Walikupima mkojo? Kuna magonjwa ya vichujio vya figo yanayowashika vijana wa umri wako wakiwa na nguvu zao zote. Kijana wa miaka 27 mwenye presha ya 160/100 na damu kwenye mkojo hawezi kusingizia nyama choma. Pima vyote vitatu, damu, presha na mkojo, upeleke matokeo yote kwa daktari wa kampuni pamoja na maelezo ya poda na nyama. Daktari muungwana ataelewa.

NATAKA KUPUMZIKA ARV KIDOGO

Sista, ninaishi na virusi na niko kwenye dawa miaka mingi. Tangu wanibadilishie tembe hii ya mara moja kwa siku, kreatinini imetoka 72 ikawa 84. Jirani anasema ARV zinaua figo. Nataka kupumzika kidogo zipone. – J.A., Dagoretti

J.A., tafadhali usipumzike hata siku moja. Virusi vikiachwa huru huingia kwenye figo vyenyewe na vinaweza kuziangusha kwa miezi tu. Nimewaona walioacha dawa, wakarudi kwetu wakiwa hawakojoi. Dawa ndiyo inayozilinda figo zako.

Tembe hiyo, kama ndiyo wengi wanayopewa sasa, ina dawa tatu: tenofovi, lamivudini na dolutegravi. Dolutegravi huziba mlango mmoja ambao figo hutumia kusukuma kreatinini nje. Usafishaji wenyewe haupungui, lakini kreatinini hupanda kidogo katika wiki za kwanza, kisha hutulia. Kutoka 72 hadi 84 ni mpando wa namna hiyo hasa. Septrin, ambayo wengi wenu mmewahi kuitumia, nayo hufanya jambo linalofanana.

Wa kuangaliwa ni tenofovi. Hiyo inaweza, kwa watu wachache, kudhuru mirija ya figo. Ishara zake ni protini kwenye mkojo, sukari kwenye mkojo wakati sukari ya damu iko sawa, na fosfeti kushuka. Kwa hiyo kwenye kliniki yako ijayo omba mkojo upimwe, na damu irudiwe. Ikiwa kreatinini imesimama pale pale na mkojo ni safi, endelea kwa amani. Ikiwa inaendelea kupanda kila safari, watabadilisha tenofovi na dawa nyingine. Hilo hufanywa kliniki kila mara na halikukatishi matibabu.

MGONGO NA DAWA YA CHUPA

Nabeba marobota ya mitumba Gikomba. Mgongo huniuma chini, nadhani ni figo. Nakunywa maji lita nyingi na dawa ya kusafisha figo wanayouza stejini. Nifanye nini zaidi? – Msomaji, Gikomba

Ndugu yangu, mgongo wa mbeba marobota una sababu yake ya kuuma. Ugonjwa sugu wa figo kwa kawaida hauumi, na hilo ndilo baya lake. Maumivu ya figo huja kwa mawe au maambukizi: yako ubavuni, chini ya mbavu, ya mawe huja kwa mawimbi yakishuka kuelekea kinena, na ya maambukizi huja na homa. Ukiwa na hayo, au ukikojoa damu, nenda hospitali leo. Kama unauma ukiinama na kutulia ukilala, tafuta mtu wa mazoezi ya viungo.

Ile chupa iache. Hakuna anayejua kilichomo, na kuna mimea ambayo imethibitika kuharibu figo moja kwa moja. Figo hazisafishwi kwa dawa, zenyewe ndizo msafishaji. Maji kunywa kiu inavyotaka, na jua la sokoni linavyokutoa jasho, basi. Kuyalazimisha hakuponyi figo, na kwa mgonjwa ambaye figo zake tayari zimeshindwa kutoa maji, huishia kwenye mapafu.

BABA ALIFARIKI KWA FIGO

Sina presha wala sukari, najisikia mzima. Lakini baba alifariki akiwa kwenye mashine, na sasa kakangu mkubwa mkojo wake una povu. Je, nipime? – N.O., Kangemi

Pole sana kwa baba. Ndiyo, pima, na kakako atangulie. Povu la mara moja likipotea haraka si kitu, linaweza kuletwa na kasi ya mkojo tu. Povu linalobaki juu ya choo kila asubuhi lipimwe ACR wiki hii.

Wewe pimwa presha, mkojo, na kreatinini yenye eGFR. Unasema huna presha, lakini je, mara ya mwisho mashine ilifungwa mkononi mwako lini? Kisha muulize mama, au mtafute aliyekuwa akimpeleka baba kliniki: je, waliwahi kusema figo zake zilikuwa na vifuko vingi vya maji? Ugonjwa huo hurithiwa. Mtoto wa aliye nao ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuupata, na picha ya ultrasaundi huuonyesha kabla mtu hajahisi chochote. Kama ilikuwa presha au sukari, bado mko kwenye hatari kuliko watu wengine, kwa hiyo mrudie kila mwaka. Dada zako pia waende, hasa yeyote aliyepandwa na presha akiwa mjamzito. Kila mmoja aondoke na nakala ya matokeo yake, ayahifadhi.